Ukuta wa Ndani wa Handaki la Reli: Hesabu ya Mwamba, Maji na Saruji kwenye Njia ya Kisumu

Handaki la reli lililotobolewa kwenye mwamba halisimamishwi na zege. Mzigo mkubwa hubebwa na mwamba wenyewe: uzito uliokuwa ukishuka moja kwa moja kabla ya kuchimba huuzunguka uwazi na kupita kandokando, mradi mawe yaliyo jirani na uwazi huo yabaki yamebanana. Ukuta wa ndani huongezwa ili kuzuia mawe yaliyolegea yasiangukie reli, kuyaongoza maji yanapotakiwa kwenda, na pale mwamba unapokuwa dhaifu, kuchukua sehemu ya mzigo. Swali la gharama huanzia hapo. Penye jiwe zima, zege nene ni fedha zilizozikwa. Penye jiwe lililooza, zege jembamba ni deni watakaloachiwa waendeshaji wa reli. Na kwa kuwa handaki moja laweza kupita penye jiwe zima na penye uozo ndani ya mita mia mbili, ukuta wa bei nafuu si wa aina moja kutoka mlango hadi mlango.

Upande wa Ziwa Viktoria nchini Kenya, suala hili lilikwepwa kwa miaka mingi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu, iliyokuwa ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Kutoka Mau Summit, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ilibidi ishuke hadi ziwani, kwenye kimo cha mita 1,134 hivi. Wajenzi waliizunguka milima badala ya kuitoboa. Reli ya upana wa mita moja hukubali kona kali na mteremko mkali, kwa hiyo mabonde yalivukwa kwa madaraja marefu ya chuma 27, yaliyotengenezwa na kampuni ya American Bridge ya Marekani. Reli ya kisasa, SGR, haina uhuru huo. Treni nzito za mizigo zinataka kona pana na mteremko wa taratibu, na ndiyo maana sehemu ya Nairobi hadi Suswa, iliyofunguliwa Oktoba 2019, ilihitaji mahandaki, likiwemo la Ngong lenye urefu wa kilomita 4.5. Njia iliyochorwa kutoka Naivasha kupitia Narok na Bomet hadi Kisumu nayo inapaswa kushuka kutoka nyanda za juu hadi ukingo wa ziwa.

Mwamba wa eneo hili una historia yake. Kisumu iko ndani ya tawi la Bonde la Ufa linaloelekea magharibi, lenye ukingo wa Nandi upande wa kaskazini na kingo za Nyabondo upande wa kusini. Katikati ni tambarare za Kano, zenye mashapo ya ziwa na udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha. Hapo reli hukaa juu ya tuta na madaraja, si ndani ya handaki. Kaskazini-magharibi, kuelekea Maseno na Seme, kuna granaiti ya kale, ileile inayoonekana kwenye mawe makubwa ya Kit Mikayi. Mashariki na kusini, kutoka Kericho hadi Nyabondo, nyanda za juu zimefunikwa na lava ya fonolaiti iliyomwagika tabaka baada ya tabaka juu ya miamba ya zamani zaidi. Handaki la kushukia ziwani kutoka upande wa Bomet halina budi kukutana na lava hizo.

Fonolaiti mbichi ni jiwe gumu kweli. Nguvu yake ya kuhimili mgandamizo huweza kuzidi megapaskali 100, zaidi ya mara tatu ya zege la kawaida la ujenzi. Ukitazama kipande chake kimoja mkononi, huoni haja ya ukuta wowote. Ila handaki halichimbwi kwenye kipande kimoja. Lava ilipopoa ilipasuka kwa mistari ya wima na kufanya nguzo, na kati ya mmwagiko mmoja na mwingine ulipita muda wa kutosha udongo kuota juu yake, kisha udongo huo ukaunguzwa na lava iliyofuata. Kwenye kasha la sampuli za uchorongaji, hali hii huonekana waziwazi: vijiti vya jiwe la kijivu vyenye urefu wa mkono, safi, vikifuatana kwa mita kumi au zaidi, halafu ghafla gao la udongo mwekundu unaomong'onyoka ukiguswa, au majivu ya volkeno yaliyoganda ambayo yakilowa usiku kucha asubuhi huwa tope. Kisha vijiti vya kijivu vinaanza tena. Mhandisi wa handaki hupanga ukuta kwa kuzingatia gao lile jekundu kuliko vijiti vile virefu.

Namna za kuukinga uwazi wa handaki zimepangika kutoka nyepesi hadi nzito. Nyepesi kuliko zote ni kuuacha mwamba wazi, ukishikiliwa kwa boliti za chuma mahali palipolegea tu. Inayofuata ni boliti zinazopangwa kwa mpangilio maalumu, pamoja na zege la kunyunyiziwa, yaani zege linalorushwa kwa hewa yenye shinikizo likaganda juu ya mwamba bila kalibu. Siku hizi zege hilo huchanganywa na nyuzi za chuma, kilo 30 hadi 40 kwa kila mita ya ujazo, badala ya kufunga wavu wa nondo. Nyuzi hufuata mikunjo yote ya mwamba na mafundi hawalazimiki kusimama chini ya paa lisilo salama wakifunga wavu. Baada ya hapo huja zege la kumiminwa ndani ya kalibu ya chuma, kwa kawaida unene wa sentimita 30 au zaidi, likitanguliwa na utando wa plastiki usiopitisha maji. Mwisho ni vipande vya zege vilivyofinyangwa kiwandani, vinavyopangwa duara na mashine kubwa ya kuchimba inavyosonga mbele. Njia hii ya mwisho hulipa kwenye mahandaki marefu ya kilomita nyingi. Kwa mahandaki mafupi ya mlimani, gharama ya mashine pekee humaliza akiba yote.

Ili kuchagua kati ya hizo, mwamba lazima upewe alama. Mfumo unaotumika sana kwa kazi hii ni kipimo cha Q, kilichotolewa mwaka 1974 na Barton, Lien na Lunde wa Taasisi ya Jioteknia ya Norwe, mwaka mmoja baada ya Bieniawski kutoa mfumo wake wa RMR nchini Afrika Kusini. Q huzingatia mambo sita: uzima wa vijiti vya sampuli, idadi ya safu za nyufa, ukwaruzo wa nyuso za nyufa, kilichojaa ndani ya nyufa, maji, na mkazo uliomo mwambani. Alama huanzia 0.001 kwa mwamba uliooza kabisa hadi 1,000 kwa mwamba usio na ufa. Pamoja na alama hiyo, mfumo huuliza handaki ni la nini. Handaki la maji ya umeme hupewa kigezo cha 1.6, la reli kuu hupewa 1.0, kwa sababu jiwe moja likianguka ndani ya handaki la maji huenda lisidhuru kitu, lakini likianguka relini ni ajali.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee Nyanza, eneo linalozunguka Kisumu, kwa sababu handaki refu la mwamba lililo jirani na Kisumu ni la maji. Kituo cha umeme cha Sondu Miriu cha kampuni ya KenGen, cha megawati 60, kilichokamilika mwaka 2008, hupata maji yake kupitia handaki la urefu wa takriban kilomita 6.2 lililopita chini ya nyanda za Nyabondo hadi kwenye ukingo unaoelekea ziwani. Ni kishawishi kikubwa kusema kwamba kilichofaa Sondu kitafaa reli. Hesabu ya Q inakataa. Kwa kanuni yake, uwazi wenye upana wa mita 7 unaweza kusimama bila msaada wowote penye Q ya 7 hivi ukiwa ni wa maji, ila ukiwa wa reli kuu unahitaji Q ya 23. Mwamba uleule, upana uleule, lakini reli inadai mwamba bora zaidi ya mara tatu. Kinachofaa kurithiwa kutoka Sondu si unene wa ukuta wake, bali kumbukumbu za uchimbaji: mahali maji yalipotokea, tabaka jekundu lilipokutwa, mwamba ulipolegea. Kumbukumbu za aina hiyo zina thamani kuliko visima vingi vipya vya sampuli, na mradi wowote wa reli upande huu ungefanya kosa kubwa kuanza bila kuzisoma.

Hesabu ya zege yenyewe si ngumu kuielewa. Handaki la njia moja lenye upana wa mita 7 lina mzunguko wa takriban mita 18 ukijumlisha paa na kuta mbili. Ukuta wa kumiminwa wa sentimita 30 unahitaji mita za ujazo 5.4 kwa kila mita ya urefu. Lakini baruti haikati mwamba kama kisu. Ikiwa mwamba umevunjika wastani wa sentimita 20 zaidi ya mstari uliochorwa, nafasi hiyo nayo lazima ijazwe, na mita za ujazo 3.6 huongezeka. Kwa kilomita moja jumla ni mita za ujazo 9,000. Zege la kunyunyiziwa la sentimita 10 halijazi nafasi iliyozidi. Hufuata umbo la mwamba ulivyo. Hata ukiongeza mikunjo ya mwamba na zege linalodunda na kuanguka chini, kilomita moja hutumia mita za ujazo 2,500 hivi. Kwa kilo 350 za saruji kwa kila mita ya ujazo ya zege la kumiminwa na kilo 450 kwa la kunyunyiziwa, tofauti ni kati ya mifuko 63,000 na mifuko 22,500. Saruji nyingi ya nchi husagwa Athi River, zaidi ya kilomita 300 kutoka ziwani. Mifuko 40,500 iliyookolewa katika kila kilomita ni tani 2,025, yaani zaidi ya safari 70 za lori la tani 28.

Hesabu hiyo pia inaonyesha kwamba mtu anayeamua gharama ya ukuta kabla ya yeyote ni mpiga baruti. Mashimo ya pembezoni yakipangwa karibu karibu, nusu mita hivi, na kutiwa baruti nyepesi inayolipuka kwa pamoja, mwamba hukatika kwa kufuata mstari wa mashimo. Kazi nzuri hujionyesha yenyewe: moshi ukitoka na mawe yakizolewa, ukutani hubaki nusu za mashimo, kama mifereji iliyochongwa sambamba kuelekea mbele. Zisipoonekana, mwamba umetikiswa kwa ndani, nyufa zimefunguka, na zege litakalohitajika litazidi lililo kwenye mchoro. Nusu saa iliyookolewa kwa kuchoronga mashimo machache hulipwa kwa siku nzima ya zege. Penye lava ya nguzo ni vigumu zaidi, kwa kuwa nguzo hung'oka nzima kutoka kwenye paa, lakini hata hapo baruti nyepesi na hatua fupi za uchimbaji hupunguza hasara.

Maji ndiyo yanayoharibu hesabu nzuri. Nyanda za Kericho hupata mvua kubwa karibu mwaka mzima, na nyufa za wima za fonolaiti huipitisha chini upesi hadi inapokuta tabaka la udongo mwekundu lisilopitisha. Hapo maji hukaa, na handaki likitoboa tabaka hilo hufungua tangi lililojazwa na mvua za miaka mingi. Kuna njia mbili za kukabiliana nayo. Ya kwanza ni kuyafungia nje kabisa kwa utando unaozunguka handaki lote, sakafu ikiwemo. Ukuta basi hubeba shinikizo lote: maji yakisimama mita 50 juu ya handaki, kila mita ya mraba ya ukuta inasukumwa kwa uzito wa tani 50. Zege lenye umbo la duara hustahimili hilo. Lenye kuta zilizonyooka na sakafu bapa hupinda na kupasuka, kwa hiyo unene na nondo huongezeka haraka. Njia ya pili ni kuyaruhusu maji yaingie kwa mpango: mikanda ya plastiki ya kupitishia maji hubandikwa kwenye mwamba penye mchirizi, hufunikwa kwa zege la kunyunyiziwa, na maji hushuka hadi kwenye mitaro ya pembeni na kutoka mlangoni. Shinikizo halijengeki, ukuta hubaki mwembamba. Kwa handaki la mlimani, lenye mteremko unaoyatoa maji bila pampu, njia ya pili ni nafuu kwa mbali.

Lakini unafuu huo una madai mawili. La kwanza ni utunzaji: maji yanayopita kwenye zege hubeba chokaa, nayo hujijenga ndani ya mabomba na mitaro hadi kuiziba, hivyo lazima ijengwe milango ya kusafishia tangu mwanzo. La pili halimo kwenye hesabu za wakandarasi wengi. Maji yanayotoka kwenye mlango wa handaki ni yaleyale yaliyokuwa yakitokeza kwenye chemchemi za mteremkoni, ambako kaya huteka ya kunywa na mifugo hunyweshwa. Handaki linaloyatoa maji kwa bei nafuu laweza kukausha chemchemi za kata nzima, na gharama ikahamia vichwani mwa akina mama wanaobeba madumu. Penye chemchemi zinazotegemewa, uji wa saruji unapaswa kudungwa ndani ya nyufa mbele ya uso wa uchimbaji, kabla ya kulipua, ili maji yabaki mlimani. Ni kazi ya polepole na ya gharama, na ni haki ihesabiwe kama sehemu ya ukuta.

Kuhusu viungo vya zege, pwani ya ziwa ina fursa ambazo hazijatumika vya kutosha. Viwanda vya sukari vya Muhoroni, Chemelil na Kibos huchoma makapi ya miwa, na mpunga wa Ahero huacha makapi yake. Majivu ya yote mawili, yakichomwa kwa joto linalofaa na kusagwa laini, huweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Yanafaa zaidi kwenye sakafu na zege la kumiminwa, ambako hakuna haraka, kuliko kwenye zege la kunyunyiziwa linalotakiwa kushika ndani ya dakika chache. Jiwe linalotoka handakini nalo si taka: fonolaiti nzima hufaa kwa kokoto za reli na za zege. Tahadhari ni moja. Baadhi ya mawe ya volkeno hupambana kikemikali na saruji, zege likavimba na kupasuka baada ya miaka, kwa hiyo kila tabaka lipimwe maabara kabla ya kusagwa.

Kuna mahali ambapo hakuna mjadala. Kwenye milango, ambako mwamba umechakaa na mteremko unaweza kuteleza wakati wa mvua za masika, na kwenye mipasuko ya kingo za Bonde la Ufa, zege la kumiminwa lenye nondo na sakafu iliyopinda ni lazima. Vivyo hivyo kwenye tabaka jekundu na majivu yanayovimba. Norwe, nchi iliyofundisha dunia kutumia ukuta mwepesi, ilipata funzo lake tarehe 25 Desemba 2006, wakati takriban mita za ujazo 250 za mwamba zilipoporomoka ndani ya handaki la barabara la Hanekleiv, penye udongo unaovimba uliokuwa umefunikwa kwa zege la kunyunyiziwa. Handaki lilikuwa limetumika kwa takriban miaka kumi. Kosa halikuwa ukuta mwepesi wenyewe, bali kuuweka pasipostahili.

Desturi ya wahandisi wa China, ambao ndio waliojenga SGR ya Kenya na kabla yake TAZARA yenye mahandaki zaidi ya 20, ni tofauti. Mwamba hugawanywa katika madaraja sita, la kwanza likiwa bora kuliko yote, na karibu kila daraja hupewa ukuta wa tabaka mbili: zege la kunyunyiziwa na boliti kwanza, kisha utando, kisha zege la kumiminwa. Njia hii ina hoja nzito. Kalibu moja inayotembea relini humimina mita 9 hadi 12 kwa mkupuo, kikosi kilekile hurudia kazi ileile, na makadirio ya bei hayayumbi. Nchi yenye wataalamu wachache wa kusoma mwamba hupata usalama kwenye urudiaji huo. Hasara yake huonekana penye fonolaiti nzima, ambako tabaka la pili halibebi chochote zaidi ya uzito wake. Kwa njia ya kuelekea Kisumu, uamuzi unaostahili ni kuutumia ukuta wa tabaka mbili kwenye milango, mipasuko na matabaka mekundu, na kubakisha zege la kunyunyiziwa lenye nyuzi kama ukuta wa kudumu kwenye lava nzima.

Anayepinga atauliza gharama za miaka ijayo, na ni swali la haki. Hesabu ya kawaida ya uwekezaji hupunguza thamani ya matumizi ya baadaye: kwa asilimia 8 kwa mwaka, shilingi moja ya ukarabati wa miaka 30 ijayo ni kama senti 10 leo. Hesabu hiyo hupendelea ukuta mwembamba kupita kiasi, kwa sababu haioni siku ambazo reli ya njia moja hufungwa ili mafundi wakagonge paa kwa vyuma wakisikiliza sauti ya jiwe tupu. Reli ya zamani ya Nakuru hadi Kisumu, iliyofufuliwa, ingebeba sehemu ndogo tu ya mizigo siku hizo. Kwa hiyo gharama ya saa za kufungwa iwekwe wazi kwenye mlinganisho, pamoja na ya ukaguzi wa kila mwaka.

Yote haya hutegemea namna mkandarasi anavyolipwa. Mkataba wa bei moja kwa handaki zima humsukuma aweke ukuta mzito uleule kila mahali na kuutoza mapema, au auchakachue kimyakimya mwamba ukiwa mbaya kuliko alivyotarajia. FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, pamoja na chama cha kimataifa cha mahandaki, walitoa mwaka 2019 mkataba wa kazi za chini ya ardhi, maarufu kama Kitabu cha Zumaridi, ambamo pande zote hukubaliana kwanza juu ya hali ya mwamba inayotarajiwa, kisha malipo na muda hufuata mwamba uliokutwa kweli. Kila baada ya mlipuko, mwanajiolojia wa mwenye mradi na wa mkandarasi husimama mbele ya uso uleule wa jiwe, huandika alama, na kutia saini. Mwenye mradi hubeba hatari ya mwamba, mkandarasi hubeba hatari ya ufundi wake. Mfumo huo unadai wanajiolojia wanaolipwa vizuri na wasioogopa kukataa, pamoja na visima vya sampuli vilivyochorongwa kabla ya zabuni, vikifika chini ya sakafu ya handaki na kupita kila tabaka jekundu linaloshukiwa.